Saratani ya Kaposi Ikienea, Dawa Zipo

Leo tunazungumzia saratani ya Kaposi, ambayo huwapata zaidi watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Huanza kama mabaka ya zambarau au meusi kwenye ngozi, na mara nyingi hayaumi. Ikienea, miguu huvimba, nayo huingia kinywani na hata mapafuni.

Wengi husema, "Imefika hapo, tumrudishe nyumbani tu." La, mama! Tiba ya kwanza ni ARV, zimezwe kila siku bila kukosa. Ikiwa imeenea, mgonjwa huongezewa kemotherapi, yaani dawa za kuua seli za saratani. Utafiti uliotolewa mwaka 2020, uliohusisha wagonjwa wa Kenya na nchi nyingine, ulionyesha kuwa paklitakseli ilifanya kazi vizuri kuliko dawa zilizolinganishwa nayo. Hutiwa kwenye mshipa kila baada ya wiki 3.

Nywele zikinyonyoka usishtuke, huota tena. La kuogopa ni homa, kwa sababu dawa hizi hupunguza askari wa mwili. Mwili ukipata joto, usikimbilie duka la dawa. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kwa leo ni hayo. Afya njema.