Nunua mbao kwanza, ndipo ufyatue matofali

Wengi wetu tuliorejea Rumonge kutoka Tanzania tulianza na jambo moja: nyumba. Wapo waliotoka Katumba na Mishamo, makazi ya wakimbizi wa 1972, na wapo waliotoka Mtabila, kambi iliyofungwa mwishoni mwa 2012. Matofali mtu hufyatua mwenyewe. Mbao hununuliwa kwa fedha taslimu, na mara nyingi ndipo akiba yote inapoishia.

Mimi ni mwalimu, nilisomea Mishamo. Tangu nirudi hapa kando ya Ziwa Tanganyika nimeona mambo yaleyale kila mwaka. Mtu ananunua mbao za mikaratusi leo, kesho zinapigiliwa kwenye paa. Miezi michache baadaye misumari imelegea, kenchi zimepinda na mvua inaingia ndani. Fundi analaumiwa bure.

Mti uliokatwa karibuni umejaa maji. Unapokauka husinyaa, na mkaratusi husinyaa sana na kupasuka upesi. Heri usinyae ukiwa kwenye rundo kuliko ukiwa juu ya kichwa chako.

Chagua kivuli chenye upepo. Panga matofali au mawe kimo cha goti, yawe sawasawa. Laza safu ya kwanza, ukiacha nafasi ya kidole kati ya ubao na ubao. Juu yake kata vijiti vikavu vya unene mmoja, kama sentimita 2.5, uviweke kila baada ya sentimita 50, kisha laza safu nyingine. Vijiti vya safu zote vifuatane juu na chini kwa mstari mmoja, la sivyo mbao zitapinda. Paka rangi vichwa vya mbao, maana maji hutokea huko kwa haraka na ndiko mipasuko huanzia.

Juu funika kwa bati na uweke mawe mazito, lakini pembeni pabaki wazi. Turubai lililofungwa pande zote huleta ukungu. Kagua mchwa kila wiki. Walio karibu na ufuko wakumbuke mafuriko ya 2024, rundo likae mwinuko.

Utajuaje kama zimekauka? Pima kipande kimoja kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, mwite fundi. Anayenunua mwanzoni mwa Juni anakuwa na kiangazi chote mbele yake.

Nanyi wafanyabiashara wa mpakani, ubao mbichi ni mzito. Ukiupakia kwenye lori au boti, unalipa nauli ya maji. Ukiukausha kwanza, mzigo ni mwepesi na mteja atarudi kwako.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza ujenzi, geuza utaratibu. Mbao ziwe za kwanza kufika kiwanjani. Siku utakapomaliza kufyatua, kuchoma na kujenga kuta, nazo zitakuwa tayari kupanda juu.