Kalima: Gari la kifahari na potopoto ya barabara ya Kindu

Kalima, mtu akipata pesa, mambo ya kwanza yanajulikana: nyumba ya mabati, masomo ya watoto, pikipiki. Yule ambaye biashara ya kasiterite imemwendea vizuri anaanza kufikiri gari. Na siku hizi gari linalotamaniwa si jipu peke yake. Simu zimeleta mpaka Kalima picha za magari marefu ya chini, kama Toyota Crown au Mercedes, yenye viti vya ngozi na skrini kubwa mbele ya dereva. Bei inaandikwa hapo hapo chini ya picha, na mara nyingine haitishi sana.

Lakini bei ile ni ya gari lililosimama Japani au Dubai. Wanaoleta magari ya namna hiyo ndani ya Maniema wanajua kwamba gari halinunuliwi peke yake: linanunuliwa pamoja na barabara litakayopita. Gari la kifahari limetengenezwa kwa kuhesabu vitu vitatu: lami, esansi safi, na fundi mwenye kompyuta. Katika teritware ya Pangi, vyote vitatu ni shida. Ndiyo sababu malalamiko ya wenye magari hayo yanafanana, hata kama marka ni tofauti.

Safari kabla ya safari

Shida ya kwanza inaanza kabla mwenye gari hajakaa kwenye usukani. Kalima haifikiwi kwa lami kutoka upande wowote. Gari lililoshuka bandarini Dar es Salaam linaweza kwenda mpaka Kigoma, livuke Ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, halafu lipande treni ya SNCC kupitia Kabalo mpaka Kindu. Njia nyingine ni kulipandisha treni kutoka Lubumbashi. Treni hiyo haina haraka, na mwenye mali anaweza kungoja majuma mengi. Kila kituo kina mkono wa kulipa: bandari, duane, chombo cha ziwani, gari-moshi, walinzi.

Likifika Kindu bado halijafika. Stesheni na katikati ya mji viko ukingo wa magharibi wa mto Lualaba. Barabara ya Kalima inaanzia ng'ambo, katika komini ya Alunguli, na hapo Kindu hakuna daraja. Gari linangoja kivuko. Kushuka kivukoni ni kazi ya jipu na lori: ubao wa kushukia unaposimama kwa pembe kali, gari refu lenye pua ya chini linagusa chini mbele kabla magurudumu hayajapanda. Parashoki za magari mengi ya namna hii zinapata kidonda chao cha kwanza hapo, kabla ya kilomita ya kwanza ya barabara.

Kutoka Alunguli mpaka Kalima ni karibu kilomita 100. Kwenye lami ni safari ya saa moja na nusu. Kwenye barabara hiyo, hakuna anayehesabu kwa kilomita. Watu wanahesabu kwa mvua.

Sentimita 14 na nusu

Tuchukue mfano mmoja. Toyota Crown mpya iliyoonyeshwa Japani mwaka wa 2022 ina urefu wa karibu mita 5. Kutoka ardhini mpaka tumbo la gari ni kama sentimita 14 na nusu. Aina zake za bei kubwa zina rimu za inchi 21. Land Cruiser ya aina ya 70, ile inayojulikana na kila mtu Maniema tangu ilipotoka mwaka wa 1984, ina zaidi ya sentimita 20 chini ya tumbo.

Tofauti ya sentimita chache inaonekana ndogo kwenye karatasi. Lakini barabara zetu zinachongwa na malori. Lori zito likipita kwenye potopoto, magurudumu yake yanachimba mifereji miwili, na katikati kunabaki kilima cha udongo. Jua likiwaka, kilima hicho kinakauka na kuwa kigumu kama tofali. Gari la chini likiingia katika mifereji hiyo, tumbo linakalia kilima, na magurudumu yanazunguka hewani. Mwenye gari anashuka na viatu vyake vizuri, anatafuta vijana wenye majembe, na bei ya kumtoa inapangwa hapo hapo.

Kinachoumia si rangi tu. Chini ya injini kuna karteri, sanduku linalobeba oili. Jiwe moja likiipasua, oili inamwagika, na dereva asipozima haraka injini inakufa. Bomba la moshi linang'oka. Rimu kubwa nayo ina ugonjwa wake: kadiri rimu inavyokuwa kubwa, ndivyo mpira unavyokuwa mwembamba. Mpira mwembamba haumezi jiwe wala shimo. Pigo lote linaenda kwenye rimu, amotisere na kiti cha abiria. Rimu ya inchi 21 ikipasuka Kalima, nyingine haipatikani sokoni. Inaagizwa mbali, na gari linapandishwa juu ya mawe kungoja.

Esansi ya chupa na kompyuta ya gari

Malalamiko ya pili yanahusu kile kisichoonekana. Injini za leo zinasukuma esansi kwa nguvu kubwa kupitia matundu madogo sana. Esansi inayouzwa kwenye chupa na bido pembeni ya barabara imepita mikono mingi na vyombo vingi. Ikiwa na maji, mchanga au mafuta ya taa ndani, pikipiki inakohoa kidogo na kuendelea. Gari la kisasa linawasha taa ya njano, linapunguza nguvu, na baadaye linakataa kabisa.

Hapo anaitwa makaniki. Mafundi wa Kalima si watu wa kudharau: wanafufua malori ambayo mahali pengine yangekatwa kuwa vyuma chakavu. Lakini gari la kisasa halielezi ugonjwa wake kwa sauti ya injini. Linaueleza kwa namba ndani ya kompyuta, na namba hizo zinasomwa na mashine maalumu. Bila mashine, fundi anabahatisha: anabadilisha kipande kimoja, halafu kingine, na mwenye gari analipa kila jaribio.

Magari yanayotumia esansi pamoja na umeme yana jambo moja zaidi. Betri yao kubwa mara nyingi iko chini ya kiti cha nyuma, na inapozwa na hewa inayovutwa kupitia tundu lililo karibu na kiti hicho. Vumbi la kiangazi likiziba tundu hilo, betri inapata joto na maisha yake yanafupika. Kusafisha kichujio chake ni kazi ndogo, lakini wengi wanaonunua gari lililotumika hawaambiwi kama kipo.

Hata mambo madogo yanachosha. Magari mengi yaliyotoka Japani yana usukani upande wa kuume, wakati Kongo tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Dereva anayetaka kupita lori haoni mbele mpaka gari lake lote limetoka nje. Taa zake zimepangwa kwa ajili ya nchi inayoendesha kushoto, kwa hiyo usiku zinamulika macho ya anayekuja. Skrini inaongea Kijapani. Redio ilitengenezwa kwa masafa ya Japani, yanayoishia chini kuliko ya kwetu, kwa hiyo stesheni nyingi za FM hazishikiki. Mtu amelipa maelfu ya dola na anasikiliza habari kwenye simu.

Si gari la chini tu lenye kosa

Ingekuwa rahisi kusema gari la chini halikuumbwa kwa ajili ya Afrika. Historia inakataa. Peugeot 404 ilishinda mbio za magari za Afrika Mashariki, Safari Rally, mwaka wa 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Peugeot 504 ilishinda mwaka wa 1975. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, gari dogo la kawaida. Mbio hizo hazikuwa za lami. Zilipita kwenye matope na vumbi vilevile tunavyovijua.

Magari yale yalikuwa na magurudumu yenye mipira minene, springi laini zilizoruhusu gurudumu kupanda na kushuka sana, na injini ambayo fundi aliweza kuifungua chini ya mwembe. Ndiyo maana Peugeot 504, iliyotoka mwaka wa 1968, iliendelea kufanya kazi ya teksi Afrika miaka mingi baada ya Ulaya kuisahau. Kilichobadilika ni watu wanaofikiriwa na watengenezaji. Gari la kifahari la leo linatengenezwa kwa ajili ya mtu wa Tokyo au Chicago ambaye haoni shimo mwaka mzima.

Na barabara nayo imebadilika. Kalima ilikuzwa na madini ya bati. Kampuni ya Symétain ilianzishwa mwaka wa 1932, na mwaka wa 1976 iliunganishwa na kampuni nyingine kuwa SOMINKI. Kampuni hizo zilitunza barabara kwa sababu madini yao yalipita humo: makantonye walifungua mifereji ya maji, madaraja yalibadilishwa mbao. Hazikufanya hivyo kwa ajili ya raia, lakini raia walipita. Bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka wa 1985, SOMINKI ilidhoofika, na katika miaka ya 1990 ikamalizika. Sakima iliirithi migodi. Barabara haikupata mrithi wa namna hiyo.

Nani anakula pesa ya barabara?

Hapa ndipo malalamiko ya mwenye gari yanapokuwa malalamiko ya wote. Tangu mwaka wa 2008 nchi yetu ina mfuko wa kutunza barabara, FONER. Pesa yake inatoka kwa sehemu kubwa katika mafuta: anayenunua litre ya esansi kwa njia halali analipia barabara ndani ya bei ile, na kwenye peaje analipa tena. Mwenye gari analipa pia vinyeti ya mwaka, asiransi na kontroli tekiniki. Mwenye pikipiki anayenunua litre mbili kwa siku anachangia vilevile, na mama anayelipa teksi-moto anachangia kupitia kwake.

Ofisi ya Barabara, Office des Routes, ina jukumu la karibu kilomita 58,000 za barabara nchini, na lami haifiki hata sehemu ya kumi ya urefu huo. Hakuna anayetegemea kuona lami Kalima kesho. Lakini barabara ya udongo haihitaji lami ili ipitike. Inahitaji maji yatoke: mifereji isafishwe kabla ya mvua, majani yakatwe ili jua likaushe njia, na bariere za mvua ziheshimiwe ili malori yasipite saa za kwanza baada ya mvua kubwa. Kazi hiyo inafanywa kwa jembe na koleo, na vijana wa vijiji vya kando ya barabara wanaweza kuifanya ikiwa wanalipwa kwa wakati.

Wakaaji wa Pangi wana haki ya kuuliza katika gavernema ya jimbo: kati ya pesa tuliyolipia kwenye mafuta na vinyeti, ni kiasi gani kimerudi kwenye barabara ya Alunguli–Kalima? Swali hilo halihusu starehe ya mwenye viti vya ngozi. Barabara hiyo ndiyo inayopitisha mgonjwa anayepelekwa Kindu, chumvi na sabuni zinazopanda bei kila mvua inapokata njia, na mchele na mafuta ya mawese ya mkulima yanayongoja mnunuzi.

Kabla ya kutoa pesa

Kwa anayeendelea kutamani gari, mafundi wana maswali machache ya kujiuliza kwanza. Tumbo la gari liko sentimita ngapi kutoka ardhini? Kama ni chini ya 18, lihesabu kuwa gari la Kindu mjini, si la Kalima. Mipira yake inapatikana Kindu au Bukavu? Rimu za inchi 15 au 16 zina mipira minene na ni rahisi kupata. Usukani uko upande gani? Nani hapa karibu ana mashine ya kusoma kompyuta yake? Na mtu akitaka kuliuza baada ya mwaka, nani atalinunua?

Swali la mwisho ndilo linalowaumiza wengi. Pesa ya kasiterite inakuja na kuondoka. Septemba 2010 serikali ilifunga uchimbaji katika Maniema na Kivu zote mbili mpaka Machi 2011, na biashara nyingi zilisimama siku moja. Wakati kama huo mwenye pikipiki anaweza kuiuza kwa siku mbili na kulisha nyumba. Mwenye jipu kuukuu atapata mteja. Mwenye gari la kifahari lenye karteri iliyopasuka ana mali isiyotembea na isiyouzika, na kulipeleka Kindu kutafuta mteja, lazima kwanza alipitishe tena kwenye zile kilomita 100.