SALMONELA: YA KUKU, YA NG'OMBE NA YA MTU

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, safari hii tunazungumza juu ya homa. Mtoto anapata moto mwilini. Tunasema ni malaria, tunampa dawa, tunangoja. Mara nyingi ni malaria kweli. Lakini iko homa nyingine inayojificha nyuma ya malaria, nayo inaua watoto wadogo upesi. Kijidudu chake kinaitwa Salmonela.

Watu wengi wa Bule, wa Bunia na wa kambi za migodi wanalijua jina hili kwa habari ya chakula kibaya. Mtu anakula yai bichi au nyama isiyoiva, anatapika, anaharisha siku chache, kisha anapona. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu tu ya habari.

JAMAA KUBWA

Salmonela ni jamaa yenye aina zaidi ya 2,500, na kila aina ina makao inayoyapenda. Aina ya Gallinarum inakaa kwa kuku. Inaweza kumaliza banda zima, lakini kwa kawaida haimgusi mtu. Aina ya Typhi inakaa kwa mtu peke yake, na ndiyo inayoleta taifodi. Aina za Typhimurium na Enteritidis hazichagui sana: zinaingia kwa ng'ombe, nguruwe, kuku, panya na mtu.

Wataalamu wanajuaje kijidudu hiki kimetoka kwa nani? Mchimbaji wa dhahabu atafahamu upesi. Dhahabu ya mlima huu na dhahabu ya mto ule hazina kiasi kimoja cha fedha ndani yake, na mpimaji hodari anaweza kukisia zimetoka wapi. Kijidudu nacho kinapimwa. Ndani yake mna maagizo ya maisha yake, yanayoitwa jeni, yaliyoandikwa kwa herufi karibu milioni 5. Kinapozaa kinayanakili maagizo yote, na mara mojamoja herufi moja inakosewa. Kosa hilo linarithiwa na watoto wake wote. Kwa hiyo vijidudu viwili vyenye makosa yaleyale ni ndugu wa karibu. Vikitofautiana sana, viliachana zamani.

ILIYOZOEA DAMU YA WATU

Mwaka 2009 wataalamu walitangaza matokeo ya kusoma maagizo yote ya Typhimurium iliyotoka katika damu ya mtoto wa Malawi. Waliona kwamba si ileile inayoharisha watu Ulaya. Waliipa jina la ST313. Jeni zake kadhaa zilikuwa zimevunjika, kama zilivyovunjika jeni za Typhi ya mtu na Gallinarum ya kuku.

Kuvunjika huko kuna maana. Mtu aliyekuwa akilima, akivua na kuchunga, kisha akaingia kazi ya mgodi peke yake, jembe lake linashika kutu, kwa sababu halihitaji tena. Kijidudu kinachoacha kuzunguka kwa wanyama wengi kinapoteza vilevile vyombo ambavyo hakivitumii. Hii ni dalili kwamba ST313 inaelekea kumzoea mtu, na kuzoea damu yake kuliko tumbo lake.

Mwaka 2012 uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba matawi mawili ya ST313 yalienea Afrika katika miaka kama 50 iliyopita, wakati uleule ukimwi ulipokuwa ukienea. Mwaka 2019 wataalamu wa Antwerp, pamoja na wa INRB ya Kinshasa na wenzao, walitangaza tawi jipya hapa kwetu Kongo. Tawi hili linashinda dawa nyingi za kuua vijidudu, hata zile ambazo waganga walikuwa wakizitegemea mwisho.

JE, WANYAMA WETU HAWANA KOSA?

Nchini Kenya wataalamu walikwenda katika nyumba za watoto waliougua. Walipima watu wa nyumbani, wanyama na mazingira. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba Salmonela ya mtoto ilifanana zaidi na ile ya watu wanaoishi naye kuliko ile ya wanyama. Kwa hiyo mkono wa kaka aliyetoka chooni bila kunawa unaweza kuwa hatari kuliko kuku wa uani.

Hata hivyo tusimwachie kuku mlango. Katika maabara ST313 imeweza kumwambukiza kuku, na Enteritidis inapita katika mayai na nyama. Inatubidi kulinda njia zote mbili, ya mnyama na ya mtu. Haja hiyo ni kubwa zaidi hapa Djugu, ambapo wengi waliokimbia vita tangu mwisho wa 2017 wanabanana kambini, watu wengi kwa choo kimoja na bomba moja.

MTOTO GANI YUKO HATARINI?

Ni hasa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 3, mwenye malaria, upungufu wa damu, utapiamlo au virusi vya ukimwi. Malaria inavunja damu na kudhoofisha askari wa mwili, na Salmonela inapata nafasi. Mara nyingi mtoto hata haharishi. Anapata homa tu, anapumua kwa shida, anakuwa mweupe viganjani. Mwaka 2017 duniani watu zaidi ya 500,000 walikadiriwa kupata Salmonela ya damu isiyo taifodi, na zaidi ya 50,000 walikufa. Wengi wao walikuwa watoto wa Afrika.

TUFANYE NINI?

1. Mtoto aliyepewa dawa ya malaria na homa haishuki, arudishwe kwa mganga upesi. Akikataa kunyonya, akipumua kwa shida au akizimia, msingoje hata saa moja.

2. Ulizeni kama hospitali inaweza kupanda damu ili kijidudu kionekane na dawa ichaguliwe. Kipimo cha Widal peke yake hakitoshi.

3. Msinunue vidonge sokoni kwa kukisia, wala msikatize dawa ya mganga njiani. Hivyo ndivyo vijidudu vinavyofunzwa kuishinda dawa.

4. Mtoto alale ndani ya chandarua kila usiku. Kule Kilifi, Kenya, kati ya 1999 na 2007 malaria ilipungua sana, na maambukizi ya damu kwa watoto yakapungua pamoja nayo.

5. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni, ukirudi kazini, na kabla ya kumlisha mtoto.

6. Chemsha maziwa ya ng'ombe hata kama yametoka kwa jirani unayemwamini. Pika mayai na nyama mpaka viive kabisa ndani. Kisu cha nyama mbichi kisikate chakula kilichoiva.

7. Anayeharisha asipike kantini wala nyumbani mpaka apone.

8. Kuku wasilale chumbani na watoto.

Ndugu mfanyakazi, kabla ya kuingia shimoni unatazama miti inayoshikilia mwamba, kwa sababu jiwe likianguka hakuna dawa. Nyumbani nako kuna nguzo zake: sabuni, moto wa jiko, chandarua na mguu mwepesi wa kwenda kwa mganga. Mpaka leo watoto wetu hawapewi chanjo ya Salmonela hii, kwa hiyo nguzo hizo ndizo kinga tuliyo nayo. Zitazameni leo jioni.

KINGA NI BORA KULIKO DAWA!