Walimu wa Usiku wa Valdocco

Katika mwaka 1841 mji wa Torino, uliokuwa makao makuu ya ufalme wa Sardinia, ulikuwa ukikua kwa kasi, na vijana walimiminika humo kutoka milima na vijiji vya Piemonte kuja kubeba mawe na chokaa, kusafisha mabomba ya moshi, na kufanya kila kazi ambayo mtu mzima angeidaia ujira mkubwa zaidi. Wengi wao hawakuwa na mzazi mjini, wala jamaa, wala mtu wa kuwauliza wamelala wapi. Padre mmoja kijana, Giovanni Bosco, aliyepewa daraja ya upadre mwezi wa Juni mwaka huo huo, alichukuliwa na mwalimu wake, Padre Giuseppe Cafasso, kwenda kuzuru magereza ya mji, na aliyoyaona humo ndiyo yaliyompa kazi ya umri wake wote: vijana wenye afya na akili, wamekaa bure, wameliwa na wadudu, na baadhi yao walipofunguliwa hawakukawia kurejeshwa. Alipoichunguza sababu ya kurejea kwao aliona kwamba aghalabu ilikuwa moja, nayo ni kuwa nje ya lango la gereza hapakuwa na mtu yeyote aliyewangoja.

Nimeanza na gereza kwa makusudi, kwa kuwa wengi wetu, tusikiapo habari za watu wanaojitolea kuwafundisha na kuwalea vijana kwa ajili ya Mungu, hudhani kazi hiyo huanza na kitabu na ubao. Kwa Bosco haikuanza hivyo. Ilianza na swali la nani atakuwa rafiki wa kijana huyu siku ya Jumapili, siku ambayo hana kazi, hana bwana wa kumtazama, na mifukoni mwake mna ujira mdogo wa wiki nzima. Na kitabu kilikuja baadaye, kikafuata mahali urafiki ulipokwisha kupita.

Yeye mwenyewe alijua maana ya kupata mtu wa namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1815 katika kitongoji cha Becchi, baba yake akafariki yeye akiwa hajatimiza miaka miwili, na katika ujana wake alikuwa kibarua wa shamba kabla ya kupata elimu. Aliyemfungulia mlango alikuwa padre mzee, Giovanni Calosso, ambaye alimchukua akamfundisha Kilatini bila malipo hadi mauti yalipomchukua mzee huyo mwaka 1830. Sidhani ni bahati tu kwamba mtoto aliyefundishwa bure na mzee mmoja ndiye aliyekuja kufundisha bure maelfu ya watoto wa wengine.

Tarehe 8 Desemba 1841, kama alivyosimulia mwenyewe katika kumbukumbu zake, alikuwa akijitayarisha kwa misa katika kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Assisi wakati mtunza kanisa alipomkuta kijana mmoja mwashi amesimama karibu, akamtaka ahudumu misani, na alipojibiwa kuwa hajui, akampiga kwa mpini wa ufagio wa vumbi na kumfukuza. Bosco alimwita kijana arudi. Akamuuliza habari za baba yake na mama yake, akaambiwa wote wawili wamekufa. Akamuuliza kama ajua kusoma, akaambiwa hajui. Baada ya misa akamfundisha kufanya ishara ya msalaba na mafundisho machache ya mwanzo, akamwomba arudi, naye Jumapili iliyofuata akarudi na wenzake.

Tangu hapo kundi likakua, na kukua kwake kukawa ndiyo mashaka yake. Kati ya mwaka 1844 na 1846 walihama kutoka mahali hata mahali, kwa sababu vijana mamia wenye kucheza na kuimba ni jirani mzito, na kila walipokaa palizuka malalamiko: kwenye kanisa la makaburini, kwenye vinu vya mto Dora, katika vyumba vya kupanga, hata kwenye uwanja wa majani ambao wenyewe waliukodisha kisha wakaona nyasi zimekanyagwa mpaka mizizi. Serikali ya mji nayo ilitia shaka, maana zama hizo mkusanyiko wa vijana ulidhaniwa kuwa mwanzo wa fitina. Hatimaye, Pasaka ya mwaka 1846, walipata banda la bwana Pinardi katika kiunga cha Valdocco, banda fupi mno hata ikabidi sakafu ichimbwe ishuke chini ili watu waweze kusimama ndani yake.

Hapo Valdocco ndipo shule ya usiku, iliyokuwa imekwisha kuanza katika vyumba vya kupanga, ilipotia mizizi. Vijana walikuja baada ya kazi, mikono ina chokaa, wakasoma kwa mwanga hafifu: kusoma na kuandika kwanza, kisha hesabu, na baadaye kuchora na muziki. Kwa kuwa ufalme ule ulikuwa umeazimia kuacha vipimo vya kale na kutumia mita na kilo kwa amri ya sheria kuanzia mwaka 1850, Bosco aliandika kijitabu chepesi cha kuwafunza mafundi na wakulima vipimo hivyo vipya, ili mwashi asipunjwe kwa kutojua hesabu. Elimu ya dini ilikuwa ndiyo roho ya nyumba ile, wala hakuificha. Lakini hakuona kwamba kumjulisha kijana kipimo cha ukuta anaoujenga ni jambo lililo nje ya dini.

Swali kubwa lilikuwa walimu watoke wapi. Mapadre wachache walikuja kusaidia, na baadhi yao, baada ya muda, wakachoka au wakahitilafiana naye wakaenda zao. Basi akafanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo fundisho lenye thamani kupita yote katika habari hii. Aliwateua kutoka miongoni mwa vijana wale wale wachache waliokuwa na akili na tabia njema, akawafundisha bure Kiitaliano, Kilatini, Kifaransa na hesabu, kwa sharti moja, kwamba nao waje kumsaidia kuwafundisha wenzao. Wengine walishindwa wakaacha. Waliobaki wakawa walimu, na aliyekuwa akisaidiwa akajiona ana amana mkononi mwake, jambo ambalo fedha haiwezi kumpa mtoto wa maskini. Mwaka 1859, Bosco alipounda shirika la Wasalesiani, waliokusanyika chumbani kwake walikuwa vijana aliowalea mwenyewe kwa sehemu kubwa. Mmoja wao, Michele Rua, aliyeanza kumfahamu akiwa mtoto, ndiye aliyemrithi alipofariki mwaka 1888.

Wala asisahauliwe mama yake. Margherita, mjane aliyekaribia miaka sitini na asiyejua kusoma wala kuandika, aliiacha nyumba yake ya shamba mwezi wa Novemba 1846 akaja Valdocco kwa miguu pamoja na mwanawe, akauza vitu vyake vya harusi, akapika, akashona viraka, akaonya na kufariji, mpaka alipofariki miaka kumi baadaye. Wako watu wanaosema kwamba hawawezi kuwasaidia vijana kwa kuwa hawana elimu. Ningependa wausome wasifu wa mama huyu.

Aidha, kazi haikukoma mlangoni mwa darasa. Bosco alikuwa akiwafuata vijana wake kwenye majengo na karakana walikofanya kazi, akazungumza na mabwana zao, na mikataba ya wanagenzi aliyoisimamia tangu mwanzo wa miaka ya 1850 ipo hata leo. Katika mmoja wa mwaka 1852, fundi seremala anafungwa kumrudi mwanagenzi wake kwa maneno na si kwa kipigo, kumwachia siku za sikukuu, na kumwongezea ujira kwa kadiri anavyozidi kujua kazi. Mwaka 1877 alipoandika kwa muhtasari njia yake ya malezi, aliijenga juu ya nguzo tatu, akili, dini na upendo wenye kuonekana. Na maneno hayo yana uzito kwa sababu yameandikwa na mtu aliyekwisha kutia sahihi yake kwenye mikataba ya watoto.

Kazi hiyo imefika kwetu. Wasalesiani waliingia Lubumbashi, katika Kongo, mwaka 1911, na Tanzania na Kenya mwaka 1980, ambako wanaendesha shule za ufundi na vituo vya vijana. Lakini asili ya jambo lenyewe haikuwa ngeni pwani yetu, ambako vizazi kwa vizazi walimu wa vyuo vya Kurani na wenye darsa za misikitini wamesomesha watoto wa watu fi sabilillahi, wakitaraji thawabu tu.

Kwa anayetaka kuifanya kazi hii leo, yako mambo mawili yasiyopaswa kudharauliwa. La kwanza ni hadhari: mafunzo yafanyike mahali pa wazi, penye watu wazima zaidi ya mmoja, na wazazi wajue, maana nia njema ya mwalimu haimlindi mtoto na mwenye nia mbaya aliyejificha chini ya jina la dini. La pili ni kudumu. Kijana aliyekwisha kuachwa na wengi hudhurika zaidi kwa mwalimu anayekuja miezi miwili akatoweka kuliko kwa asiyekuja kabisa, na Valdocco ilisimama kwa sababu Jumapili ilipofika mlango ulikuwa wazi, mvua ikinyesha au isinyeshe.

Basi, wewe msomaji mwenye jioni moja ya wiki isiyo na shughuli, nenda kwa padre, kwa imamu, au kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nawe, uombe kukabidhiwa watoto wachache, watatu au wanne wanatosha, na usiahidi zaidi ya utakavyoweza kutimiza kwa mwaka mzima.