Mashini ya kushona yenye kumuacha baba alale

KOLWEZI. – Mtu wa posti ya usiku anarudi asubuhi na vumbi ya mgodi kwenye nywele. Anaoga, anakula bukari, anaanguka kitandani. Saa ile ile, ngambo ya pazia, mama anafungua mashini yake, maana Septemba iko karibu na yuniforme za buluu na nyeupe hazingoje. Nyumba ni ya vyumba viwili. Kama mashini inapiga kelele sawa kinu, mmoja atapoteza: baba usingizi, ao mama kazi yake. Na sisi watu wa migodi tunajua hatari ya mtu asiyelala anapopanda juu ya kamyo.

Kosa letu

Sisi delege wa sindika tulijifunza jambo hili kwa aibu. Mwenzetu mmoja alipokufa, tulichanga pesa ili mjane wake apate kazi ya mikono. Tukaenda sokoni sisi wanaume peke yetu. Tukachagua mashini yenye kungaa, yenye kuwa na vibonyezo mingi. Hatukusoma kibati cha nyuma: volti 110. Umeme wetu ni wa volti 220. Siku ya kwanza tu moteri ikatoa moshi, ikaungua.

Kila siku tunalalamika kwamba wakubwa wanakata mambo ya mfanyakazi bila kumuuliza. Na sisi njo tulifanya vile vile na mama yule.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, kelele. Musikubali muuzaji awaonyeshe mashini ikiwa imezimwa. Ichomeke, ikanyage pedali polepole, kiisha mbio, na usikilize. Mngurumo mmoja ni sawa. Kugongagonga chuma juu ya chuma ni ugonjwa. Zungusha gurudumu kwa mukono: inapaswa kwenda bila kukwama. Nyumbani, kitambaa kizito kilichokunjwa chini ya mashini kinapunguza kelele mingi. Sindano mupya, tone la mafuta pale fundi anapoonyesha, na kufagia nyuzi chini ya sindano, vinasaidia vilevile.

Pili, uzito. Mashini ya zamani ya chuma inaweza kupita kilo 12, bila kuhesabu meza. Ni nguvu, lakini mpangaji anahama, na umeme ukikatika mama anapeleka kazi kwa dada yake kwenye lupango lingine. Ile ya plastiki yenye mifupa ya chuma ndani iko karibu kilo 6. Inyanyue kwa mukono moja. Lakini zile ndogo kabisa, zenye kufanana na kichezeo, tuziache: hazimalizi hata msimu moja wa yuniforme.

Tatu, urahisi. Mushono wa moja kwa moja, zigzagi, kurudi nyuma, tundu ya kifungo: vinatosha kwa mama wa mtaa. Kila kibonyezo cha zaidi ni kitu cha kuharibika. Muulize fundi wa soko kama sindano na kaneti zake zinapatikana hapa. Kama jibu ni hapana, muache nayo.

Ine, umeme. Moteri ndogo ya nyumba inakula karibu wati 70 mpaka 100, kidogo sana kushinda pasi. Hata grupe ndogo inaiendesha. Kwenye mtaa wenye giza siku mingi, ile ya kuzungusha kwa mukono ingali na faida, hata kama ni nzito.

Twende na kikwembe chetu

Tubebe kipande cha kikwembe na tukikunje mara ine. Tushone, tugeuze, tuangalie chini: nyuzi zikifanya vitanzi, kuko shida. Tusidanganyane pia: mashini nyepesi haitashona salopeti za kazi kila siku. Kwa kitambaa kile kinene, chuma ingali mukubwa.

Kamarade anayepata pesa ya mwisho wa kontra anakuja mara mingi kutuuliza anunue nini. Jibu letu ni moja: rudi nyumbani kwanza, muulize mama atashona nini, wapi, na saa gani. Mjane wa mwenzetu, tulipochanga mara ya pili, alikuja nasi sokoni. Alinyanyua mashini tatu, akazisikiliza zote, akachagua ile yenye sisi hatukuiona hata. Ingali inashona.