Vumbi Litoke Nyumbani, Lisihame Tu

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama mwenye nyumba, leo tunazungumza juu ya vumbi la ndani ya nyumba. Kazini unaambiwa kila siku: lowesha mwamba kabla ya kutoboa, funika pua na mdomo, usisimame mahali upepo unapopeleka vumbi. Lakini saa za kazi zikiisha, vumbi hupanda njia pamoja na mtu. Hukaa katika nguo, nywele na viatu, likaingia hata chumba ambamo mtoto anatambaa.

VUMBI GANI LINA HATARI?

Kasiteriti ya Walikale na koltani ya Masisi mara nyingi hukaa pamoja na jiwe gumu linaloitwa kwarzi. Jiwe hilo likipasuliwa hutoa vumbi la silika. Vumbi kubwa unaliona, nalo hukwama puani. Lenye hatari zaidi ni lile usiloliona: chembe ndogo kuliko sehemu 5 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Chembe hizo hufika chini kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo ni silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kuendelea hata mtu akiwa ameacha kazi. Tena mwenye silikosisi hushikwa upesi zaidi na kifua kikuu.

Je, watu wa nyumbani wanaweza kuumwa kwa vumbi la kazini? Mwaka 1965 waganga wa London walionyesha kwamba waliougua kansa ya asbesto hawakuwa wafanyakazi peke yao. Walikuwamo pia watu waliokaa nao nyumba moja, pamoja na wake waliofua nguo za kazi. Asbesto si kwarzi, lakini mlango wa kuingilia ni ule ule: nguo ya baba.

KUFAGIA SI KUONDOA

Ukifagia sakafu kavu, vumbi kubwa linakwenda mlangoni, lakini lile dogo linapanda hewani. Linaweza kuelea kwa saa nyingi, kisha linashuka tena juu ya kitanda, sahani na maji ya kunywa. Umelihamisha tu. Hata mashine ya umeme ya kufyonza vumbi, ile ya kukokota chumbani, ina kasoro hiyo kama mfuko wake ni wa kawaida: inavuta vumbi mbele, na chembe ndogo zinatokea nyuma.

Mwaka 1901 Mwingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza mashine kubwa ya kufyonza vumbi. Ilivutwa na farasi na kusimama barabarani. Mipira mirefu tu ndiyo iliyoingia nyumbani kupitia madirishani. Mashine na uchafu wote vilibaki nje. Fikra hiyo ndiyo iliyomo katika mashine ya nyumba nzima ya siku hizi. Mota na pipa la uchafu hukaa stoo au nje, bomba hupita darini au ukutani, na mama huchomeka mpira katika mdomo wa ukutani. Ni kama hewa ya mgodini: hewa chafu hupewa njia yake ya kutokea, isirudi kwa watu.

UKITAKA KUIWEKA KATIKA NYUMBA NDOGO

Kama unakaa au unajenga mahali penye umeme wa kutosha, kwa mfano Goma, panga hivi kabla ya kununua kitu:

1. Pima kwa kamba. Mpira wa kawaida una urefu wa karibu mita 9. Kata kamba ya urefu huo, simama katikati ya nyumba, uipitishe milangoni na kando ya vitanda hadi kila pembe. Nyumba ya mita 6 kwa 8 mara nyingi hutoshwa na mdomo mmoja.

2. Chagua mahali pa mota. Pasiwe chumba cha kulala. Hewa inayotoka itolewe nje kwa bomba, mbali na dirisha lako, la jirani, na mahali pa kuanikia nguo.

3. Fanya njia ya bomba iwe fupi. Bomba la upana wa sentimita 5 linafaa. Kona za njiani ziwe pana. Kona kali iwe moja tu, nyuma ya mdomo wa ukutani, ili kitu kikubwa kikikwama kikwame hapo mkono unapofika.

4. Paka gundi nje ya bomba, si ndani ya kiungo. Gundi ikitokeza ndani itashika nywele na nyuzi, na bomba litaziba.

5. Angalia umeme. Mota ya namna hii inaweza kuhitaji wati 1500. Sahani ndogo ya jua ya taa na simu haitaiweza. Ukitumia jenereta, usiiweke kamwe ndani ya nyumba wala barazani: moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa wamelala.

Usifyonze majivu yenye moto. Pipa limwagwe nje, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa.

NA SISI WA PINGA?

Hapa Pinga, Masisi na Walikale zinapokutana, wengi wetu tunakaa katika nyumba za mbao au udongo, na umeme wa kuendesha mota kama hiyo ni shida. Usiseme basi habari hii si yako. Mashine ni chombo tu. Kanuni ni kwamba vumbi lishikwe na kutolewa nje. Maji na kitambaa vinafanya kazi hiyo kwa bei ndogo.

Panga nyumba yako hivi. Kando ya mlango wa nyuma, chini ya paa dogo, weka msumari wa nguo za kazi, mahali pa viatu, na beseni la maji na sabuni. Hapo ndipo mwisho wa vumbi. Baba avue nguo hapo, aoge, avae nguo safi, ndipo amshike mtoto. Nguo za kazi zisikung'utwe. Zilowekwe kwanza majini, zifuliwe peke yake, na maji yamwagwe mbali na kisima na bustani ya mboga.

Ndani, sakafu ya saruji au mbao ipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagia, na watoto watoke kwanza. Meza na vitanda vipanguswe kabla ya sakafu, maana vumbi hushuka. Ukijenga, weka madirisha mawili yanayotazamana ili hewa ipite. Na mawe ya madini yasipondwe wala kupepetwa barazani, hata kidogo.

Mama, usione haya kumwambia mzee wa nyumba aanzie nyuma. Na wewe baba, usingoje kuambiwa. Ukikohoa kwa majuma mawili au zaidi, au pumzi ikikukatika unapopanda kilima, nenda kwa mganga wa kituo cha afya, umweleze kazi uliyofanya na miaka yake. Mshahara uingie nyumbani. Vumbi libaki nje.