Kuoza Kitako kwa Nyanya: Ni Kosa la Udongo au Urithi wa Mbegu?

Mkulima wa nyanya katika bonde la Ruvu, wilayani Kibaha, huijua vema ishara hii hata kama hakupata kuisikia ikitajwa darasani. Tunda likiwa bado bichi, hutokea doa la majimaji upande wa chini, ule ulio mbali na kikonyo. Baada ya siku chache doa huwa jeusi, hukauka na kubonyea. Si mdudu wala ukungu ulioyaanzisha maradhi hayo. Ukungu huja baadaye, kama mgeni aliyekuta mlango wazi. Chanzo ni upungufu wa kalsiamu katika nyama ya tunda.

Wengi hukata shauri papo hapo kwamba udongo ndio uliokosa kalsiamu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya Kibaha na Kisarawe ni mchanga mwepesi usioshika virutubisho, shauri hilo huonekana la haki, na penye udongo mchachu chokaa husaidia kweli. Lakini mara nyingi fedha ya chokaa hupotea bure. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliona nyanya zikioza kitako ndani ya nyumba za vioo, mahali ambapo mizizi ililishwa kalsiamu kwa kipimo, tena tele. Jambo hilo lilinisumbua sana.

Hapana budi kutazama safari ya kalsiamu yenyewe. Husafiri pamoja na maji katika mirija ya zailemu, na maji hukimbilia pale yanapovukizwa. Jani huvukiza sana; tunda, kwa ngozi yake yenye nta, huvukiza kidogo mno. Basi jani hushiba na tunda hupata makombo. Nacho kitako, kilicho mwisho wa njia, hupata makombo ya makombo. Aidha, kalsiamu ikishafika janini ni shida kurudi. Ndiyo maana maji ya leo yapo, kesho hapana, huleta hasara, kama inavyoleta mbolea nyingi ya naitrojeni inayokuza majani.

Hata hivyo, panda aina mbili katika tuta moja, uzimwagilie sawasawa, na utaona zisivyougua sawasawa. Nyanya ndefu, kama Roma na San Marzano, huumwa kwa urahisi. Zile ndogo za mviringo, zilizo kama zabibu, huumwa kwa nadra. Tofauti hiyo imo katika mbegu, yaani hurithiwa.

Mwanafunzi asitegemee kupata hapa ile hesabu ya Mendel ya tatu kwa moja. Hapa jeni ni nyingi, na kila moja huchangia kidogo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walionyesha sehemu zinazohusika katika kromosomu ya 3, ya 4 na ya 11, kati ya jozi 12 za nyanya. Huko Japani mwaka 2012 ilielezwa nyanya iliyopewa kipande cha kromosomu ya 8 kutoka kwa nyanya-mwitu wa Peru, Solanum pennellii. Nayo ilistahimili maradhi haya.

Jaribio linalonivutia zaidi ni la California, lililotangazwa mwaka 2011. Nyanya zilitiwa jeni ya mmea mdogo uitwao arabidopsis, jeni inayoamuru kalsiamu isukumwe ndani ya vakuoli, ghala la seli. Matunda yalikusanya kalsiamu nyingi kuliko kawaida, lakini karibu yote yakaoza kitako! Ghala lilijaa huku kuta na viwambo vya seli vikikosa kalsiamu ya kuviimarisha. Kwa hiyo haitoshi kuuliza tunda lina kalsiamu kiasi gani. Tuulize pia imewekwa wapi, na jeni zina sauti kubwa katika jambo hilo.

Wenye miembe nao wasijione wako mbali. Katika mchanga mchachu wa Florida, embe aina ya Kent zilionekana kulainika nchani kabla ya kuiva, hasa palipotiwa naitrojeni nyingi na kalsiamu ikawa haba. Si kila aina ya embe huathirika kwa kiasi kimoja.

Jambo hili laweza kupimwa katika bustani ya shule, iwe Minaki au Kibaha. Walimu wachague aina mbili za nyanya, ndefu na ya mviringo, wazipande kwa kupishana katika tuta lile lile ili tofauti za udongo zisiwapotoshe, na maji yatolewe kwa kopo moja saa ile ile. Wasitumie mbegu za matunda ya chotara, kwa maana watoto wake hawafanani. Matunda yahesabiwe kila juma, mabovu na mazima, na yale ya kichala cha kwanza yaandikwe peke yake, kwani mara nyingi ndiyo yanayoumwa zaidi.